Si kila mkono unaotetemeka una Parkinson
Barazani Lamu, mzee akianza kutetemeka mkono hukumu hutoka upesi. Huyu atasema ni uzee, yule atasema ana jini, na siku hizi wapo wanaosema kwa uhakika: ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Wote wamehukumu kabla ya kuutazama mkono wenyewe.

Mtazame akinywa kahawa. Mkono uliotulia pajani, ukatetemeka pale tu anapoinua kikombe, mara nyingi ni ugonjwa mwingine kabisa, ambao aghalabu hurithiwa na huweza kutulizwa kwa dawa iitwayo propranololi (isipokuwa kwa mwenye pumu). Mtetemo wa Parkinson kwa kawaida huwa kinyume chake: huonekana mkono ukipumzika, na huanza upande mmoja. Tena wapo wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kamwe. Wao huwa wazito tu: hatua fupi, uso usiochangamka, mwandiko unaozidi kuwa mdogo. Hao ndio wanaoambiwa “ni umri, babu” wakabaki bila dawa.

Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachothibitisha Parkinson. Damu hupimwa kuondoa shaka ya mengine, kama tezi ya shingo. Daktari humtazama mtu akitembea, humkunja kiwiko, na humuuliza dawa anazomeza, maana metoklopramaidi ya kichefuchefu au haloperidoli ya maradhi ya akili huweza kuleta dalili zile zile. Swali hilo husahaulika mno.

Levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini (kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo), haiponyi Parkinson, ila hurudisha wepesi. Ni bora imezwe nusu saa kabla ya chakula, kwani protini ya samaki hupunguza nguvu yake, wala isiachwe ghafla.