Chauchat ipi unayoilaumu?

Kila ninapofundisha historia ya silaha za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hakosekani wa kuniambia kwamba Chauchat, rashasha nyepesi ya Wafaransa, ndiyo bunduki mbovu kuliko zote duniani. Kauli hii imenichosha, maana wengi wanaoitoa hawajui wanaisema Chauchat ipi.

Zilikuwa mbili kuu. Modeli ya 1915 ilitumia risasi za Lebel za milimita 8, za Wafaransa wenyewe. Modeli ya 1918 walitengenezewa Wamarekani kwa risasi zao za .30-06, na hapo ndipo mambo yalipoharibika: chemba, yaani tundu linalopokea risasi, haikuchongwa kufikia vipimo vyake. Bunduki ikipata moto, ganda linanasa, mpigaji anabaki na chuma mkononi. Wamarekani waliilaani, na walikuwa na haki. Lakini lawama hiyo ikabebeshwa ile ya kwanza, iliyokuwa vitani tangu 1916, ikatengenezwa takriban 250,000, na kuwawezesha askari wa miguu kusonga mbele na rashasha yao wenyewe badala ya kusubiri ile nzito ya miguu mitatu.

Sisemi ilikuwa nzuri. Magazini yake, yaani kasha la risasi 20, iliachwa wazi ubavuni ili risasi zilizobaki zionekane. Katika matope ya mahandaki, uwazi huo ulikaribisha uchafu, na bati lenyewe jembamba, likigongwa kidogo linabonyea. Sehemu kubwa ya kukwama ilianzia hapo. Kwa hiyo ukioneshwa picha, tazama magazini kabla ya kutoa hukumu: ya nusu mwezi ni ya milimita 8, iliyonyooka ni ya Wamarekani.

Yapo na madai mengine ninayoyasikia. "Nusu mwezi ni ujinga wa mbunifu." Hapana. Ganda la Lebel ni nene kitakoni na jembamba mbele. Zipange risasi 20, safu itapinda yenyewe.

"Ndiyo rashasha nyepesi ya kwanza." Madsen ya Denmark iliitangulia kwa zaidi ya miaka 10.

"Kiwanda cha baiskeli kingejua nini kuhusu silaha?" Gladiator, kiwanda kilichounda Chauchat, kilitengeneza baiskeli na magari pia, na bunduki hii ilibuniwa kwa mabomba na mabati ambayo kiwanda cha namna hiyo kingeyamudu haraka. Kosa lao ninalolikubali ni la kulenga: nyingi zilitoka kiwandani zikipiga chini na kulia kwa shabaha.