Mzinga wako hauwaokoi bombusi

"Dada, nami nimejiunga na kazi yenu. Nimenunua mzinga." Ujumbe huu ulinifikia juzi kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Mombasa anayeishi hapa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, pamoja na picha ya mzinga mpya uliopakwa rangi nyeupe. Amefanya kwa moyo safi, ndiyo maana siku ile nilishindwa kumjibu. Ni mtu wa tano tangu mwaka uanze. Kabla yake kampuni moja iliniita nikaipongeze kwa mizinga sita iliyowekwa juu ya paa la ofisi, "kuwaokoa nyuki". Sikwenda.

Kazi yangu ni kuhesabu bombusi, wale nyuki wanene wenye manyoya. Nyuki wa asali simhesabu, kwa sababu ana mwenyewe. Hujengewa nyumba, hupewa maji ya sukari wakati wa baridi, hutibiwa utitiri wa varroa, na kundi likifa mfugaji hununua jingine. Bombusi hana mtu. Malkia hulala udongoni peke yake miezi yote ya baridi. Machi huamka, hutafuta shimo lililohamwa na panya, hufinyanga kijungu cha nta na kukijaza mbochi, yaani maji matamu ya maua, kisha huatamia watoto wake kama kuku, akitetemesha misuli ya mabawa ili wapate joto. Kundi lililostawi huwa na nyuki mia chache tu. Vuli ikifika wote hufa, isipokuwa malkia wapya. Maua yakikosekana kwa siku chache tu mwezi Aprili, kundi zima linakufa kabla halijazaliwa.

Sasa weka kando yake mzinga wenye nyuki 40,000 au zaidi, wanaoelekezana kwa ngoma yao wapi maua yamechanua. Maua ni yale yale, chavua ni ile ile. Ni sawa na mtu anayeona swala wanapungua, akaleta mbuzi mia katika malisho yao, akasema amesaidia wanyama. Utafiti wa Scotland uliochapishwa 2009 uliwapima bombusi wafanyakazi wa spishi nne: palipokuwa na nyuki wa asali, miili yao ilikuwa midogo. Mfanyakazi mdogo ni mtoto aliyelishwa kidogo. Kisha kuna magonjwa. Virusi vinavyokunja mabawa, ambavyo varroa amevitawanya mizingani, tangu 2014 tunajua vinawaambukiza bombusi wa porini pia.

Simchukii nyuki wa asali. Shamba la kanola, mmea wa mbegu za mafuta, likichanua lote kwa pamoja, chakula huwatosha wote kwa wiki kadhaa. Shida ni wiki zinazofuata, shamba likishageuka majani matupu.

Kwa maana kilichowaondoa bombusi ni kuondoka kwa maua, na hili watu hulipita haraka mno. Kati ya miaka ya 1930 na 1984, Uingereza na Wales zilipoteza takriban asilimia 97 ya nyanda zao za nyasi zenye maua. Trekta lilichukua nafasi ya farasi, mbolea ya chumvichumvi ikachukua nafasi ya klova nyekundu, mmea wa malisho unaorutubisha udongo, na klova hiyo ndiyo iliyowalisha bombusi wenye ulimi mrefu. Mmoja wao, Bombus subterraneus, alionekana mara ya mwisho hapa Kent, pale Dungeness, mwaka 1988. Wazao wa waliosafirishwa kwa meli kwenda New Zealand mwaka 1885 ili kuchavusha klova bado wanaishi huko, ilhali kwao walikwisha. Mwaka 2012 malkia waliletwa kutoka Sweden wakaachiliwa Dungeness. Hawakushika mizizi. Lakini wakulima walikuwa wamekubali kurudisha maua kwa ajili yao, na spishi nyingine adimu zilizokuwa zimepotea pale zikaonekana tena. Hakuna aliyezipelekea mzinga.

Niseme na jambo ambalo ripoti zetu hulipitia juujuu. Tunahesabu wafanyakazi waliotua mauani, lakini anayezaa ni malkia, na viota vyao karibu havionekani. Wafanyakazi 30 kwenye ukingo mmoja wa shamba wanaweza kuwa wa kiota kimoja au wa viota ishirini. Idadi ikipanda najiuliza kama makundi yameongezeka, au mashamba ya jirani yamefyekwa na wenye njaa wamekimbilia mahali ninapohesabia. Vipimo vya vinasaba husaidia, lakini si kila mwaka tuna fedha za kuvifanya.

Wa nyumbani wanaosoma hapa msidhani hii ni habari ya wazungu. Afrika Mashariki haina bombusi wa asili, lakini kazi yao ipo. Ua la bilingani hufungia chavua ndani ya vifuko vyenye tundu dogo nchani, na hutoka ua likitetemeshwa. Nyuki wa asali hajui kutetemesha. Kule Nguruman, kusini mwa Kenya, utafiti uliochapishwa 2008 uliwakuta nyuki wa porini wakiifanya kazi hiyo, mmoja wao Xylocopa caffra, wa jamii ya wale wakubwa wanaotoboa boriti za paa. Bilingani halina mbochi, kwa hiyo nyuki hao huishi kwa maua ya vichaka vilivyo kando ya shamba, vile vile mnavyofyeka mkisema mnasafisha.

Jana jioni nilimwandikia ndugu yetu. Nilimwambia abaki na mzinga wake mmoja kama anapenda asali, asiongeze wa pili, apande klova nyekundu, na nyasi za kona ya nyuma ya uwanja asizikate hadi Septemba. Akauliza tundu la panya lililo chini ya banda lake alizibe au aliache. Nikamjibu aliache.