Lebo za hreflang hazifanyi kazi? Anzia kwenye canonical

Mwenye tovuti ya lugha nyingi akilalamika kwamba wasomaji wa Uingereza wanaletewa ukurasa wa Marekani, mara nyingi huwa ameshakagua misimbo ya lugha kwenye hreflang, lebo zinazoiambia injini ya utafutaji kila toleo la ukurasa ni la lugha au nchi ipi, na kuikuta sawa. Mimi huanzia kwingine: kwenye rel="canonical", lebo inayoiambia injini ya utafutaji ni anwani ipi ihesabiwe kuwa ndiyo kuu kati ya kurasa zinazofanana.

Mifumo mingi ya kuendeshea tovuti huiweka lebo hiyo yenyewe, na ikipangwa vibaya, matoleo yote huelekezwa kwenye ukurasa wa Kiingereza. Hapo ukurasa wa Kifaransa unajikana wenyewe: hreflang inautambulisha kwa wasomaji wake, huku canonical inasema usihesabiwe, ahesabiwe mwenzake. Kila toleo lijitaje lenyewe kwenye canonical. Hilo likirekebishwa, malalamiko mengi huishia hapo.

Halafu natazama kama kurasa zinatajana. Ukurasa wa Kiingereza ukiutaja wa Kifaransa, nao wa Kifaransa usiutaje wa Kiingereza, Google huzipuuza lebo hizo. Sababu yake ni ya busara: bila sharti hilo, mtu yeyote angeweza kudai kwamba ukurasa wake ni toleo jingine la ukurasa wako. Kila ukurasa hujiorodhesha na wenyewe pia, kwa hiyo makala moja yenye matoleo 10 hubeba lebo 100. Futa toleo moja, au libadilishie anwani, na mengine yote tisa yanabaki na kiungo kibovu. Ndiyo maana kwa tovuti kubwa napendelea kuziweka lebo kwenye ramani ya tovuti ya XML, yaani faili linaloziorodheshea injini za utafutaji kurasa za tovuti, ambako zote ziko mahali pamoja. Anwani ziandikwe kamili, kuanzia https.

Kuna kosa moja linalowasumbua hata mafundi wazoefu. Ukifungua msimbo chanzo unaziona lebo zimekaa vizuri ndani ya head, sehemu ya mwanzo ya ukurasa ambayo msomaji haioni, lakini juu ya lebo hizo kuna iframe (dirisha la ukurasa mwingine) au img (picha) iliyochomekwa na programu ya matangazo au ya takwimu. Vitu hivyo havina ruhusa ya kukaa humo. Kivinjari kikikutana navyo hufunga head papo hapo, na kila kilicho chini yake huangukia kwenye body, sehemu ya maudhui yanayoonekana, ambako hreflang haihesabiwi. Msimbo chanzo hautakuonyesha hilo. Fungua zana za wasanidi za kivinjari, utazame ukurasa ulivyojengwa.

Misimbo yenyewe ina mitego ya kawaida. Lugha hutangulia, nchi hufuata, na nchi haisimami peke yake: be ni Kibelarusi, wala si Ubelgiji. Uingereza ni en-GB. uk ni Kiukreni, si Uingereza. Kijapani ni ja, Kiswidi ni sv. en-EU haina kazi yoyote, kwa kuwa EU, Umoja wa Ulaya, si nchi. Kati ya lugha na nchi weka kistari cha kati, si cha chini.

Mwisho, zima ule mtindo wa kumhamisha mgeni kwa nguvu kulingana na anwani yake ya IP, namba ya mtandao inayodokeza yuko nchi gani. Roboti ya Google, programu inayozipitia tovuti, hutambaa zaidi kwa anwani za Marekani, hivyo kila ikigonga mlango wa toleo jingine inarudishwa kwenye lile la Marekani, na lebo za toleo hilo jingine haizioni kabisa. Weka menyu ya lugha juu ya ukurasa, msomaji achague mwenyewe.