Ki-67 si jina la saratani

Juzi kwenye daladala ya Mikindani nimelisikia tena. Dada mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari za shangazi yake aliyetolewa uvimbe kwenye kizazi: majibu ya kinyama yamerudi, "yana Ki-67, ndiyo kansa yenyewe hiyo." Mwenzake akaguna, "Poleni jamani." Kwa mwaka huu ni mara ya nne au ya tano nasikia hivyo.

Ki-67 ni protini inayoonekana ndani ya kiini cha seli wakati seli iko kwenye mzunguko wa kujigawa. Seli ikitoka kwenye mzunguko na kutulia, haionekani tena. Maabara wanaipaka rangi, wanahesabu katika kila seli mia ni ngapi zimeshika, na asilimia hiyo ndiyo inayoandikwa.

Jina ndilo linalopotosha watu. Sisi wa kusini tukiona "Ki" mbele ya neno, akili inakwenda kwenye Kimakonde, Kimwera, Kiyao. Nimewahi kukutana na mzee aliyeamini kuwa ni kidudu, na 67 ni aina yake. Ukweli ni kwamba Ki inatokana na Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Huko ndiko Johannes Gerdes na wenzake walikotengeneza kingamwili inayoishika protini hii, wakaitangaza mwaka 1983. Na 67 ni namba ya kitundu ilimopatikana, kwenye sahani ya maabara yenye vitundu 96. Jina zima ni anwani tu: mji na kitundu. Ni kweli viini walivyowadunga panya ili kuipata vilitoka kwenye seli za saratani ya Hodgkin, lakini kingamwili yenyewe ikaja kushika seli yoyote inayojigawa, nzima kwa mgonjwa.

Na hapa ndipo panaponiuma. Uvimbe usio saratani nao hukua, na hauwezi kukua bila seli kujigawa. Kwenye fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, seli zenye Ki-67 huwa chache kwa kawaida, ila zipo. Kwenye mafindofindo ya mtoto aliyeumwa koo zinajaa tele, hadi maabara hutumia kipande cha findo kuhakiki kama rangi imeshika vizuri. Utumbo wenye afya pia unazo, maana ngozi yake ya ndani hujifanya upya kila baada ya siku chache. Asilimia bila kutaja ni ya tishu gani ni kama kusema bei ni elfu mbili bila kusema ni ya kilo ya korosho au ya fungu la dagaa. Saratani inajulikana kwa sura ya seli na kwa kuvamia nyama za jirani; Ki-67 inasaidia kupima kasi.

Dada yangu, nilishuka kabla sijakusemesha. Chukua ile karatasi, tafuta palipoandikwa hitimisho, usome jina la uvimbe. Kama ni leiomioma, hiyo ni fibroidi, hata kama Ki-67 imetajwa juu yake. Jina lisipoeleweka, rudi na shangazi kwa daktari mkaulize jina hilo. Msiulize kama ana Ki-67. Anayo, na wewe unayo.