Cheti cha usalama wa chakula kwa bidhaa zenye chapa ya supamaketi

Maharagwe mabichi ya Kenya yanayouzwa Uingereza mara nyingi hubeba jina la supamaketi, si la aliyeyafungasha. Jina likiwa la duka, duka nalo hubeba lawama. Chini ya Sheria ya Usalama wa Chakula ya Uingereza ya 1990, duka likishtakiwa kwa bidhaa yenye chapa yake, halitoki kwa kusema tu "tuliuziwa hivyo". Lazima lithibitishe kwamba ukaguzi wa maana ulifanyika. Ndiyo maana mwaka 1998 chama cha wenye maduka, British Retail Consortium, kilitoa kiwango cha pamoja, ambacho leo kinaitwa BRCGS. Wenye maduka wa Ujerumani na Ufaransa nao wana kiwango chao, IFS.

Cheti hutolewa na shirika huru la ukaguzi, kwa kiwanda kimoja na kwa bidhaa zilizotajwa ndani yake. Kampuni ikihamishia ufungashaji kwenye jengo jingine, cheti hakihami nayo. Kwa hiyo soma anwani na orodha ya bidhaa kabla ya kutazama daraja ambalo kiwanda kimepewa.

Mkaguzi hupitia mpango wa HACCP, yaani uchambuzi wa hatari na sehemu za kuzidhibiti, lakini jaribio linalowaumbua wengi ni la ufuatiliaji. Huchukua pakiti moja, husoma namba ya bechi, kisha hutaka ijulikane imetoka shamba gani, na bechi nzima imekwenda wapi, ndani ya saa 4. Hesabu nayo lazima ifunge: zikipokelewa kilo 1,200, zikafungashwa 950 na kutupwa 100, kilo 150 ziko wapi? Mara nyingi hakuna wizi wowote. Ni taka ambazo hazikupimwa.

Mashine ya kunasa chuma nayo hujaribiwa kwa vipande vya chuma cha kawaida, metali isiyo chuma, na chuma kisichoshika kutu. Jaribio la saa 5 asubuhi likishindwa, kila pakiti iliyopita tangu jaribio la mwisho lililofaulu huzuiwa na kupitishwa upya. Fomu iliyojazwa alama za vema za siku nzima kabla ya chakula cha mchana humwonyesha mkaguzi kwamba hata fomu nyingine hazina uhakika.

Kwa BRCGS, dosari ziko za aina 3: ndogo, kubwa na za hatari. Ya hatari hunyima cheti. Hali kadhalika dosari kubwa kwenye sharti la msingi, kama huo ufuatiliaji. Madaraja ya AA, A na B hukaguliwa tena baada ya miezi 12, C na D baada ya 6. Alama ya kujumlisha karibu na daraja maana yake mkaguzi alikuja bila taarifa, na kwa mnunuzi hiyo ina uzito.

Ushahidi wa marekebisho hutakiwa ndani ya siku 28, pamoja na chanzo cha dosari. "Mfanyakazi ameonywa" si chanzo. Chanzo ni kama kukosekana kwa mizani kwenye meza ya taka.