Kishikisha rangi: nini kilishika michoro ya kuta za Warumi?

Poda ya rangi haishiki ukutani yenyewe. Paka udongo mwekundu uliokorogwa na maji kwenye lipu kavu. Ukishakauka, utaufuta kwa kiganja. Kishikisha rangi ni kile kinachozifunga chembe za poda zisibanduke: yai, gundi ya ngozi za wanyama, utomvu wa miti, protini ya maziwa au nta ya nyuki.

Kwenye kuta za Warumi, kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na chokaa. Fundi alipiga lipu tabaka juu ya tabaka, akamalizia na ya unga wa marumaru, halafu akapaka rangi ya maji lipu ikiwa bado mbichi. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji, hufyonza hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, kalsiamu kaboneti, na fuwele zake huzifungia chembe za rangi humo humo. Mbinu hii huitwa fresko. Lakini lipu haimsubiri mtu, na zipo rangi zisizovumilia ukali wa chokaa. Mapambo mengine yalipakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, na hapo ndipo yai au gundi ilipohitajika.

Ili kujua ni kishikisha gani kilitumika, wataalamu huchukua kipande cha ukuta kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, wakatazama ubavu wake kwa hadubini ili wahesabu tabaka. Kipande kingine hupitishwa kwenye kromatografia ya gesi, mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Protini ikishavunjwa kuwa asidi amino, haidroksiprolini, mojawapo ya asidi hizo, ikionekana kwa wingi ni gundi ya wanyama, maana yai halina. Nta hutambulika kwa esta zake ndefu, yaani molekuli za asidi ya mafuta iliyoungana na alkoholi.

Kuitambua nta, basi, si kazi kubwa. Kazi ni kujua nani aliipaka. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliandika kwamba zingefuri, ile rangi nyekundu ya madini ya zebaki, huwa nyeusi ikipigwa na jua. Dawa yake: ukuta ukikauka, upakwe nta iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, kisha upashwe moto wa makaa mpaka nta itoe jasho. Nta hiyo ni kinga ya juu, si kishikisha. Na tangu karne ya 18, warekebishaji waliipaka michoro ya Herculaneum na Pompeii, miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkano, vanishi na nta ili ing'ae. Kwa hiyo kusema "tumekuta nta" hakutoshi kabisa; lazima ijulikane imelala tabaka gani, na ukuta huo ulipitia mikono ya nani.

Ndiyo maana sampuli za thamani zaidi ni za ukuta uliofukuliwa sasa hivi, kabla haujapakwa chochote. Hata hapo inafaa kupima pia lipu isiyo na rangi iliyo jirani: protini ileile ikiwa imo, huenda imetoka udongoni, na mchoraji hahusiki nayo.