Rauta ya nyumbani: ubadilishe au uiache? Dhana potofu na ukweli wake

Jamani tuongee kuhusu hizi rauta, maana watu wanapoteza hela bure. Intaneti ikisuasua siku mbili tu mtu keshafika Kariakoo kununua rauta mpya, anaiwasha nyumbani na mambo ni yale yale. Halafu kuna mwingine ana rauta ya miaka kumi na kitu ambayo ilitakiwa itoke zamani, ila kaiacha hapo kwa sababu taa zinawaka na YouTube inafunguka. Huyu wa pili ndo ananitia wasiwasi zaidi, nitamfikia.

Dhana: Intaneti ikiwa nzito ujue rauta imechoka.

Ukweli: Mara nyingi rauta inasingiziwa. Kabla hujatoa hata mia, tafuta laptopu na waya wa LAN, chomeka moja kwa moja kwenye rauta, zima waifai ya laptopu halafu pima spidi. Umelipia mega 20 (yaani Mbps 20), kwenye waya unapata 19 ila chumbani kwa simu unapata 3, basi laini yako ni nzima na shida ni mawimbi ya waifai humo ndani. Kama hata kwenye waya unapata 3, tatizo kwa kawaida liko kwa wanaokuuzia intaneti, wapigie wao. Pima tena saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, ikiwa usiku kwenye waya inashuka vibaya na alfajiri inapanda, huo ni msongamano wa huko kwao, na rauta ya laki tatu haiwezi kuuondoa. Wenye faiba angalieni kile kiboksi cha ukutani, taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, huenda waya umekatika au umekunjwa sana mahali. Wenye rauta ya laini ya simu someni masharti ya bando, vifurushi vingi vya bila kikomo vina kiwango ambacho ukikipita wanakupunguzia spidi.

Ila kuna jibu moja la kipimo hiki ambalo kweli linaweza kuishitaki rauta. Kama umelipia mega 200 na kwenye waya namba inaganda kwenye 94 hivi, haipandi hata ufanyeje, hapo kuna tundu la kuchomekea waya lenye ukomo wa mega 100, na rauta nyingi za bei ya chini zina matundu hayo. Hakikisha kwanza waya wako na laptopu siyo vyenyewe vinavyobana, vikiwa sawa basi badilisha rauta.

Na mega za kifurushi (Mbps) siyo MB za faili jamani, MB moja ni mega nane. Faili likishuka kwa MB 2.5 kwa sekunde kwenye mega 20 hujaibiwa, gawa 20 kwa nane utaona.

Dhana: Yenye antena nyingi inafika mbali zaidi.

Ukweli: Antena hazivunji ukuta wa tofali na nondo, na nguvu ya kurusha mawimbi ina ukomo wa kisheria, iwe antena mbili au nane. Isitoshe simu yako nayo lazima irushe mawimbi kurudi kwenye rauta, na simu haina hizo antena. Namba kubwa kwenye boksi nazo zisikuchanganye, AC1200 ni mega 300 za mawimbi ya 2.4 GHz wamejumlisha na 867 za 5 GHz wakakuza kidogo, na simu yako inatumia moja tu kwa wakati. Hiyo 5 GHz ina kasi ila inachoka haraka kwenye kuta, 2.4 inafika mbali ila ndo wanagombania majirani wote pamoja na bluutuu na maikrowevu. Kwa hiyo kabla ya kununua itoe rauta nyuma ya TV au kwenye lile kabati, iweke juu katikati ya nyumba, na kama unakaa kwenye ghorofa ingia kwenye setingi za 2.4 GHz uweke chaneli 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Nyumba ikiwa ndefu sana ongeza kifaa cha pili kilichounganishwa na waya, hicho kitakusaidia kuliko rauta moja ya bei mbaya.

Dhana: Inajizima na kujiwasha, basi imekufa.

Ukweli: Angalia adapta kwanza. Geuza rauta usome stika ya chini, kama imeandikwa 9V 0.6A na wewe umechomeka ya king'amuzi ya 12V kwa sababu tundu limeingia, unaiua taratibu. Hata adapta yake halisi inachoka, hasa kwetu umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Adapta ni hela ndogo, anzia hapo.

Dhana: Nikinunua rauta ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai) kila kitu kitaruka.

Ukweli: Inategemea simu zenu. Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa 2019, iPhone 11 ya mwaka huo inayo, lakini simu nyingi za bei ya chini hazina. Kama nyumbani mna vifaa vingi vinavyoiweza itawafaa kweli.

Dhana: Bado inafanya kazi, ya nini kubadilisha?

Ukweli: Hapa ndo naomba tusikilizane. Rauta ni kompyuta, ina programu ndani, na kampuni ikiacha kutoa apdeti matundu ya kiusalama yanayogunduliwa baadaye hayazibwi tena. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kiliingia kwenye rauta na vifaa vya mtandao kama 500,000 katika nchi zaidi ya 50, hadi FBI ikaomba watu wazime rauta zao na kuziwasha upya. Juni 2025 CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, iliweka matoleo ya zamani ya rauta za TP-Link WR841N, WR940N na WR740N kwenye orodha ya vifaa vyenye udhaifu ambao tayari unatumiwa na wahalifu. Rauta ikishatekwa haikwambii, intaneti inaendelea vizuri tu, huku wahalifu wanapitishia mambo yao kwako au wanakupeleka kwenye ukurasa feki wa benki.

Kwa hiyo soma tena ile stika, chukua modeli na namba ya toleo iliyoandikwa Ver, nenda tovuti ya kampuni uone apdeti ya mwisho ni ya lini. Kama ni ya miaka mingi nyuma au wametangaza wameacha kuihudumia, itoe hata kama spidi ni nzuri. Ile ambayo mwisho wake ni WEP, ulinzi wa zamani wa paswedi ya waifai, usiiulize mara mbili, WEP ilivunjwa tangu 2001. Mpya uitakayo iwe na WPA3, ulinzi wa kisasa wa waifai, na siku ya kwanza badilisha paswedi ya kuingilia setingi.

Ile ya zamani usimpe mtu hivihivi, bonyeza kitufe cha riseti kwa pini kama sekunde 10 mpaka taa zibadilike, maana ndani kuna paswedi ya waifai yako na pengine hata ya laini yako ya faiba.